Faili Halikuwa Limeharibika

Niko hapa Eldoret, asubuhi ya baridi, chai ikiwa mkononi. Leo nina ushuhuda ambao sikupenda kuutoa, kwa sababu ndani yake mimi ndiye niliyekosea. Lakini Roho hajaniacha nipumzike, kwa hiyo nisikilize mpaka mwisho.

Unakumbuka Jumapili ile ya ubatizo. Ndiyo siku tuliyotumia kwa mara ya kwanza kamera mpya, ile mliyoichangia kidogo kidogo. Kogo wetu mmoja, mama wa miaka 81, aliingia majini akishikwa na wajukuu wawili, akatoka akicheka. Wengine hutoka wakitetemeka. Yeye alitoka akicheka.

Jumatano alfajiri Bwana akamwita.

Mchana huo mwanawe akaja kwangu. "Pasta, picha ya Mama tuliyo nayo ni ile ya kitambulisho tu. Tunaomba ya ubatizo, tuiweke kwenye kijitabu cha mazishi na mbele ya jeneza." Mchapishaji alitaka picha kabla ya Alhamisi jioni. Nikamjibu, "Ndugu yangu, hiyo ni kazi ndogo."

Elewa kwamba kabla ya utumishi nilikuwa na studio ndogo ya picha hapa mjini. Programu ya kusafisha picha iliyo kwenye laptopu yangu nimekaa nayo miaka mingi. Naijua kama njia ya kwenda nyumbani. Basi nikachomeka kadi, nikafungua. Miraba ya kijivu, safu kwa safu, na ujumbe: faili hili halitambuliki, au limeharibika.

Mpendwa, macho yangu yaliruka neno "halitambuliki" yakatua kwenye "limeharibika".

Nikamwita kijana wetu wa midia. Mashemasi wawili walikuwa ofisini, na mbele yao nikamuuliza amefanya nini na kamera ya kanisa. Akasema alipiga picha ghafi, yaani RAW, kwa sababu jua la saa sita lilikuwa kali. Sikumwacha amalize. Nikamwambia, "Mbona usipige kama tulivyozoea?" Nikamwamuru aifute kadi yote na arudishe kamera kabatini. Akasema, "Sawa, Pasta," akatoka ameinamisha kichwa.

Namshukuru Mungu kwamba jambo moja hakunitii. Hakuifuta kadi.

Alhamisi asubuhi alinikuta mlangoni. "Pasta, naomba dakika tano. Picha zikiwa kwenye kioo cha kamera zinaonekana." Nikaangalia. Kweli, Kogo alikuwa pale, akicheka. Lakini kutokana na jua nyuma yake, vazi jeupe liling'aa na uso ulikuwa kivuli kitupu. Ile unayoiona kwenye kioo ni picha ndogo ambayo kamera huitengeneza haraka na kuiweka ndani ya faili. Picha yenyewe bado imefungwa.

Tukaanza kupima, kitu kimoja baada ya kingine. Tulibadilisha waya, haikusaidia. Tulinakili upya kutoka kwenye kadi, haikusaidia. Kisha kijana akasema tufungue picha ya mwaka uliopita, ya kamera ya zamani. Ikafunguka mara moja. Hapo nikanyamaza, kwa sababu nilishaelewa.

Kila kampuni ya kamera ina lugha yake ya picha ghafi. Nikon huandika NEF, Sony huandika ARW, na Canon waliacha CR2 wakaanza kuandika CR3 mwaka 2018. Hata mafaili yakiwa na jina moja, kamera mpya huweza kupanga mambo yake kwa namna ambayo programu iliyoitangulia haijafundishwa. Programu yangu ilikuwa imeacha kupata masasisho muda mrefu kabla kamera ile haijatengenezwa. Faili lilikuwa zima. Msomaji ndiye aliyekuwa amebaki nyuma.

Dawa yake ilikuwa ya bure. Mwaka 2004 Adobe walitoa muundo wa wazi unaoitwa DNG, na wana kigeuzi kisicholipiwa ambacho huchukua faili la kamera mpya na kuliandika kwa namna ambayo programu ya zamani inaweza kulisoma. Unachagua tu programu yako ni ya umri gani. Kijana akakipakua kwa bando lake mwenyewe. Tukangoja. Miraba ya kijivu ikaanza kugeuka watu.

Picha ya Kogo ilipofunguka ilikuwa imepauka, kwa maana picha ghafi haina vipodozi. Lakini imebeba mengi. Picha ya kawaida ya JPEG huwa na ngazi 256 za mwanga kwa kila rangi. Picha ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Nilipoinua kivuli taratibu, uso ukatokea: mikunjo, pengo la jino, maji yakitiririka kwenye kope. Kama kijana angepiga "kama tulivyozoea," uso huo huenda ungepotea kwenye giza. Alikuwa amefanya vizuri kuliko ambavyo mimi ningefanya.

Saa kumi jioni picha ilikuwa kwa mchapishaji. Siku ya mazishi mwanawe aliishika kwa mikono miwili, akasema, "Huyu ndiye Mama." Nami nilikuwa nimeamuru ifutwe.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 10. Petro yuko Yafa, juu ya dari, mchana. Nguo kubwa inashushwa mara tatu, naye anakataa, kwa kuwa kila alichofundishwa tangu utoto kinamwambia vitu vile ni najisi. Petro hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mwaminifu kwa alichokijua. Lakini Mungu alikuwa ameandika jambo jipya nyumbani kwa Kornelio, na Petro alihitaji kufunguliwa macho kwanza ili aweze kulisoma. Alipofika Kaisaria, Roho akawashukia watu wale hata kabla hajamaliza kuhubiri.

Sisemi kila kisichofunguka kimetoka kwa Mungu. Kuna mafaili yaliyoharibika kweli, na kuna roho za kupimwa. Hata Petro, katika sura ya 11, aliulizwa na ndugu wa Yerusalemu, akawaeleza yote kwa utaratibu. Ninachosema ni hiki: pima kabla hujafuta. Mimi nilifuta kwanza moyoni.

Wewe je, ni nani umempachika jina "ameharibika" kwa sababu tu humwelewi? Mtoto wako anayeomba kwa namna yake? Mkwe aliyetoka kabila lingine? Yule aliyeokoka juzi, na bado hajui lugha yetu ya kanisani? Huenda ndani yake kuna uso ambao hujawahi kuuona, nawe umeshika kidole kwenye kitufe cha kufuta.

Kijana nilimkosea mbele ya mashemasi, kwa hiyo mbele ya mashemasi nilimwomba msamaha. Akatabasamu, akasema, "Pasta, na hiyo programu tuibadilishe." Tutaibadilisha.

Kama kuna mtu amekujia akilini unaposoma, usiandike "Amina" hapa kwanza. Mpigie simu. Halafu urudi uandike.

Baba, tufungue macho tusome yale unayoandika sasa, na utuhurumie kwa tuliowafuta mapema. Katika jina la Yesu, Amina.