Mbio za Sadaka Ufuoni Shela

Tangu turejee nyumbani Lamu, tumejiwekea lengo: kukimbia ufuo wa Shela, wenye urefu wa yapata kilomita 12, na kwa kila kilomita kutoa sadaka kwa nyumba zenye visima vya maji ya chumvi. Baada ya sala ya alfajiri, bahari ikiwa imekupwa, mchanga huwa mgumu na mguu hauzami.

Kando ya ufuo yamesimama matuta ya mchanga, na vijana hupenda kuyapanda kupima pumzi. Twawanasihi wapite chini. Matuta hayo huinywa mvua na kuichuja, na chini yake hukaa maji matamu yanywewayo mjini Lamu. Haifai kuchangia maji kwa miguu inayong'oa mimea inayoushika mchanga huo.

Kina mama nao wasijitenge. Mtume, rehema na amani zimshukie, alishindana mbio na mkewe Bibi Aisha. Mara ya kwanza Bibi alishinda, mara nyingine akashindwa. Pakiwa na sitara na nia njema, njia ni pana. Asiyeweza kukimbia na atembee. Sadaka haipimwi kwa mwendo.

Wabillahi tawfiq.