Shubiri ya Bibi

Bibi akichuchumaa kwenye tuta, hukunja kanga magotini, kisha hutandaza kiganja juu ya udongo mpaka kidole gumba na kidole cha mwisho vikakaza. Penye ncha ya kidole cha mwisho hutoboa shimo kwa kijiti, akakisogeza kiganja, akatoboa tena. Namna hiyo ndiyo ninayomwona mpaka leo. Sikuwahi kumwona na futi kamba. Alizaliwa Pangani, akapanda mlimani Lushoto alipoolewa, na vipimo alikuja navyo kutoka pwani: wanda, yaani upana wa kidole; shubiri, kile kiganja kilichotandazwa; dhiraa, kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati; na pima, mikono miwili ikinyooshwa kama mtu anayepokea mgeni. Karoti wanda tatu. Vitunguu nusu shubiri. Kabichi dhiraa. Nyanya dhiraa na shubiri. Maboga pima, na hata hapo alisema yatagombana tu.

Bustani ilikuwa nyuma ya jiko, mahali pa kuteremka, kama karibu kila mahali Lushoto. Matuta yaliukata mteremko kwa ubavu ili maji ya masika yasiondoke na udongo. Ng'ambo ya bonde yalionekana mashamba ya watu ya kabichi na viazi, mazao yanayopakiwa kwenye malori, yakashuka kona kwa kona hadi Mombo na kuendelea Dar es Salaam. Yetu yalikuwa ya chungu chetu, na ya jirani aliyepita na ungo mtupu.

Masika ya mwaka 1987 nilikuwa na miaka tisa, na Bibi akanipa tuta langu mwenyewe, la mwisho, karibu na migomba. Akanionyesha miche ya kabichi kitaluni, akaniambia nipandikize kwa dhiraa, mistari miwili. Kwa urefu wa lile tuta ilitosha miche kumi na minane. Niliipanga chini kwanza bila kuifukia, nikasimama kuitazama. Udongo mtupu uliobaki uliniuma macho. Miche yenyewe ilikuwa na majani manne manne, midogo kama masikio ya panya, na katikati yake palikuwa na nafasi ya mtoto kulala. Nikarudi kitaluni. Nikapima kwa shubiri, tena shubiri yangu ya miaka tisa, nikaingiza miche zaidi ya sitini.

Bibi alipita jioni, akatazama.

"Haya, mume wangu," akasema. "Tutaona."

Wiki tatu nilikuwa tajiri. Tuta langu lilifunikwa kijani kitupu, la Bibi likawa na vipara. Niliwaita wenzangu waje kuona. Halafu majani yakaanza kupandiana. Kila mche ulijivuta kwenda juu kutafuta jua, shina likarefuka na kuwa jembamba, majani ya chini yakawa manjano. Ukungu wa milimani ulichelewa kuondoka asubuhi, na kwangu maji yalikaa kati ya majani hata mchana, kwa kuwa upepo haukuwa na pa kupita. Konokono walihamia. Pakaanza kunuka. Kabichi nyingi hazikufunga kabisa. Zilizofunga zilikuwa kama ngumi yangu, wakati kabichi ya Bibi niliibeba kwa mikono miwili.

Hakunigombeza. Aling'oa kabichi moja ya kwake, akaikung'uta: mizizi imetawanyika pande zote kama ndevu. Kisha akaingiza mkono kwenye tuta langu, akavuta moja, zikaja tatu, zimesukana chini kama ukili.

"Huu mzizi ni wa nani?" akaniuliza.

Niliufuata kwa kidole, nikapotea.

"Wewe ulipima mche," akasema. "Mimi nilipima kabichi."

Lililonishinda zaidi lilikuwa kupunguza karoti. Mbegu zake ni ndogo, huwezi kuzipanga moja moja. Unamwaga kwenye mfereji, zinaota kama nywele, kisha unarudi kung'oa nyingi ili chache zipate kunenepa. Kung'oa kitu kizima, kibichi, kisicho na kosa! Nilitoa machozi kweli. Bibi aliona, akaniachia futi moja la mstari nisiliguse. Tulipovuna, sehemu ile ilitoa nyuzi za rangi ya chungwa, nyingine zimejiviringa mbili mbili kama kamba. Alizipika vilevile, hakutupa.

Lakini mchicha aliusia kwa kuubananisha makusudi, kwa sababu aliung'oa na mizizi yake ungali laini, na kila alichopunguza kilikwenda chunguni. Mchicha aliotaka kuuchuma majani kwa muda mrefu aliupa shubiri nzima. Hata vile vipara vya kwenye kabichi havikukaa bure. Baadaye nilimwona akisia mchicha na kotimiri katikati ya miche, akavimaliza kabla majani ya kabichi hayajagusana. Ndiyo maana mtu akiniuliza mboga zikae mbali kiasi gani, namuuliza kwanza atazila zikiwa na umri gani.

Nyanya zilikuwa shida nyingine. Alizifunga kwenye mambo, akatoa majani yanayogusa udongo, na bado miaka ya mvua ndefu bakajani chelewa iliingia, madoa ya kahawia yakala tuta kwa siku chache. Nafasi haikuizuia. Iliichelewesha kwa wiki kadhaa, nasi tukala nyanya kwa wiki hizo.

Siku moja alikuja bwana shamba na karatasi yake. Akaamkia, "Shikamoo mama," akasoma: kabichi, sentimita 60 kati ya mistari, 45 kati ya miche. Bibi akamwomba aweke rula yake chini, kisha akalaza mkono kando yake, kuanzia kiwiko. Ncha ya kidole ikafika karibu kabisa na 45. Bwana shamba alicheka kwa furaha, akauliza umri wa vile vipimo, na Bibi akamjibu kwamba alivikuta kwa mama yake.

Mwaka 1994 magoti yalikuwa yamemkataa. Nilimwekea kigoda pembeni ya tuta la mchicha wa kuchuma, nikachuchumaa mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Nilipotandaza kiganja aliniambia ngoja, akainama kwa shida, akaweka chake kando ya changu juu ya udongo. Kidole changu kilikuwa kimempita.

Akatazama kitambo.

"Punguza wanda moja," akasema, na mimi nikatoboa shimo pale kilipoishia kidole chake.