Jini Mahaba wa Njia Panda

Chalinze inaishi kwa malori. Barabara ya Dar es Salaam inagawanyika pale, moja inashika Morogoro, nyingine Segera na kuendelea hadi Tanga na Moshi, na madereva hulala. Miaka ya tisini, nilipokuwa nikimsaidia mama kuuza chai na chapati stendi, mwanamke aliyepanda lori usiku aliitwa malaya, mazungumzo yakaishia hapo.

Kisha dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, akarudi kutoka Dar akiwa teja wa heroini. Akishuka lori hili, anapanda lile. Wazee wakakata shauri: huyu ana jini mahaba, si bure. Akapelekwa kwa mganga, akafukizwa ubani. Jini gani huyo asiyechagua hata sura?

Baadaye aliniambia mwenyewe: "Mwanaume nilikuwa simtamani hata kidogo, mdogo wangu. Nilikuwa naikimbia arosto, yale maumivu ya kukosa dawa." Ndivyo heroini inavyofanya: hushusha homoni za uzazi, hamu ikafa, na wanawake wengi hukosa hedhi. Tulichokiita tamaa kilikuwa bei ya kete ya unga.

Stendi ilianza kubadili kauli mwaka 2012, mwanamuziki Ray C alipokwenda Ikulu kumshukuru Rais Kikwete kwa kumsaidia kutibiwa uraibu. Kikwete ni wa Msoga, hapo jirani tu, kwa hiyo habari ikawa yetu. Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini, ilikuwa imeanza kutolewa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011. Dawa hiyo ilinywewa kila siku mbele ya mhudumu, na nauli ya kutoka Chalinze kila alfajiri nani angeiweza? Dada akahamia Manzese kwa shangazi.

Miezi ikapita, hedhi ikarudi, na hamu nayo. Hiyo ilimtisha kuliko arosto, maana tangu usichana hakuwahi kulala na mtu akiwa hajalewa. Baadhi ya wenzake wa kiume waliacha unga wakahamia kwa wanawake, bila breki. Ngono isiyozuilika ni jambo jingine kabisa: Shirika la Afya Duniani limeliweka kwenye orodha ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019, upande wa kushindwa kujizuia, si upande wa uraibu. Wataalamu bado wanabishana.

Dada sasa ana mume na mtoto. Mama mkubwa anashikilia kwamba ubani ndio uliomtoa jini, na kila Idi anampelekea mganga jogoo.