Amandina Lihamba na Mchezo Usio na Waamuzi

Mwanafunzi wa Waa, huku Kwale kwenye pwani ya kusini ya Kenya, hukutana na tamthilia mara mbili: darasani, ikiwa kitabu cha mtihani, na kwenye tamasha la drama, shule inapokwenda kutafuta kombe. Waamuzi wakishatoa alama, timu isiyofuzu hurudi nyumbani na mchezo wake umekwisha. Sengenya, ngoma ya Wadigo wa huku, haiendi hivyo. Anayejua wimbo huingia, aliyechoka hutoka, na hakuna anayeulizwa kama yeye ni mchezaji au mtazamaji.

Kuleta tabia hiyo ya ngoma ndani ya tamthilia imekuwa kazi ya miaka mingi ya Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam: mwigizaji, mwongozaji, mwandishi, na mwalimu aliyefika daraja la profesa.

Mwaka 1980 ilitoka Hawala ya Fedha, tamthilia aliyoitengeneza kutokana na kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal. Mtu asiye na kazi anatumiwa pesa na mpwawe aliyeko Paris, lakini posta hawamlipi kwa kuwa hana kitambulisho. Kwale kisa hicho hakihitaji maelezo. Wamakonde wa huku waliishi bila vitambulisho tangu enzi za mashamba ya mkonge na miwa, hadi walipofunga safari ya kwenda Nairobi mwaka 2016 kuvidai.

Hata hivyo, hiyo bado ilikuwa tamthilia ya mwandishi, waigizaji na viti vya watazamaji. Mwaka 1982 jina la mwandishi mmoja lilianza kupungua uzito: Harakati za Ukombozi ilitoka kwa mikono mitatu, wake, wa Penina Muhando na wa Ndyanao Balisidya. Mwaka huohuo Lihamba, Penina na mwenzao Eberhard Chambulikazi walianza kazi ya maigizo katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza.

Hawakwenda na mchezo mfukoni. Waliuliza, wakasikiliza, wakawaachia wanakijiji waseme lipi linawakera, na moja lililojitokeza ni wasichana kupata mimba na vijana kukwepa wajibu wao. Wanakijiji wenyewe ndio waliocheza, kwa ngoma zao, kisha wakajadiliana. Hapo ndipo kazi ya mwalimu wa uigizaji ilipogeuka. Aliyezoea kumsahihisha mtu sauti na hatua sasa alitakiwa kujua kuuliza, na pengine kunyamaza. Lihamba hakuacha usomi kwa ajili hiyo. Mwaka 1985 alipata uzamivu huko Leeds, Uingereza, kwa utafiti juu ya siasa na maigizo Tanzania baada ya Azimio la Arusha.

Matunda makubwa zaidi yalikuja mwaka 1996, yeye na Penina, ambaye sasa anajulikana kwa jina la Mlama, walipoanzisha Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana hutaja wenyewe yanayowazuia kusoma, huyaigiza mbele ya walimu na wenzao, kisha huunda klabu ya kufuatilia yaliyoamuliwa. FAWE, shirika la elimu ya wasichana lenye makao Nairobi, liliupeleka mpango huo nchi nyingi za Afrika.

Jukwaa la kawaida hakulihama moja kwa moja, wala kamera. Katika filamu ya Maangamizi ya 2001, iliyopelekwa na Tanzania kuwania Oscar, ni yeye aliyemcheza Samehe, mgonjwa wa hospitali ya akili aliyefunga kinywa kwa miaka.

Siku hizi njia ya Malya imeenea hata huku kusini, lakini imekonda. Vikundi vya sanaa hukodiwa na mashirika kuigiza kuhusu afya au mimba za mapema, ujumbe ukiwa umeshaandikwa ofisini kabla mtu yeyote wa Waa au Msambweni hajaulizwa. Igizo likiisha watu hutia sahihi kwenye orodha ya mahudhurio, hupewa nauli, na mjadala, ambao kule Malya ulikuwa ndio kiini cha mchezo, hukosa nafasi kwa sababu gari la shirika linataka kuwahi feri ya Likoni.