Sabuni inapobaki kwenye droo

Mama mmoja wa Tabata, Dar es Salaam, alinunua mashine ya kufulia ili apate muda wa kumnyonyesha mwanawe. Baada ya miezi michache, sabuni ya unga ikaanza kuganda kwenye droo. Akaongeza sabuni. Nguo za mtoto zikatoka na chembe nyeupe, naye akaota vipele shingoni.

Baba akataka kumwita fundi. Bibi akauliza, “Mwanangu, maji yenyewe yanafika?”

Walichomoa plagi, wakafunga koki na kufungua mpira nyuma ya mashine. Kwenye tundu la kuingizia maji kulikuwa na chujio dogo, limejaa mchanga kutoka kwenye tangi. Bibi akalisugua kwa mswaki mkuukuu. Maji yakapita kwenye droo.

Mzazi, anza na koki, kisha mpira uliopinda, kisha chujio. Tangi likiwa chini sana, presha haitoshi. Vyote vikiwa sawa na maji bado hayaingii, hapo mwite fundi akague valvu.

Usiongeze sabuni. Mabaki yake huwasha ngozi changa. Suuza nguo upya kabla ya kumvisha mtoto.