Mshale Uko Katikati

Kwenye gereji za Songea gari halipandi joto, linachemsha. Kijiweni ukisikia mtu kachemsha, ujue amefeli mtihani, ameangushwa kwenye uchaguzi, au amepeleka posa ikarudishwa. Kwa fundi neno linarudi kwenye sufuria lilikotoka: maji yanatokota ndani ya rejeta, boneti iko juu, dereva kasimama pembeni na kopo mkononi. Injini ikishakufa kabisa, imenoki. Kati ya kuchemsha na kunoki kuna hali ya tatu ambayo sijaisikia ikipewa jina. Maji hayajachemka, mshale wa joto kwenye dashibodi umetulia katikati kama siku zote, na huku chini oili inaungua polepole bila kumwambia mtu.

Hali hiyo nimeijua kupitia mjomba wangu wa Mpitimbi na tela lake.

Mjomba alifundisha shule za msingi mpaka akastaafu. Sehemu ya kiinua mgongo ilijenga, sehemu ililipa ada, na iliyobaki ikanunua RAV4 iliyotumika Japani, injini ya lita mbili ya petroli, gia otomatiki. Kwa mtu wa Dar es Salaam hilo ni gari la kwenda kazini na kurudi. Mpitimbi, kwenye barabara inayoachana na lami Likuyufusi na kuelekea kusini, Mkenda na Mto Ruvuma, gari dogo namna hiyo linafanya kazi ambazo waliolibuni hawakuziota.

Mwezi wa sita na wa saba mahindi yanatoka mashambani, na huo ndio wakati mlanguzi anafika na magunia yake. Nasema yake kwa sababu gunia la mlanguzi si gunia la mkulima. Linaongezewa kilemba juu, linajazwa mpaka linaota nundu, na bado linahesabiwa gunia moja. Lumbesa. Serikali inaipiga marufuku, viongozi wanaikemea kila msimu, nami nimeandika habari hiyohiyo miaka kadhaa nikibadilisha tarehe na jina la kiongozi tu. Mjomba alichoka kuisoma. Akapiga hesabu yake: nikipeleka mwenyewe Songea, kwenye mzani, kila kilo italipwa kama kilo.

Ndipo likazaliwa tela. La matairi mawili, limechomelewa juu ya ekseli ya pikapu iliyokufa, halina breki zake lenyewe. Likiwa tupu lina kilo zaidi ya mia mbili. Safari za kwanza mjomba alipakia magunia manane ya kilo 100. Ukijumlisha, gari dogo la familia lilikuwa linavuta zaidi ya tani moja kwenye moramu, milima ikiwemo.

Kuna jambo jingine kuhusu gari hili ambalo halimo kwenye hesabu ya mahindi. Usiku mtu akizidiwa, mlango unaogongwa ni wa mwalimu. Hakuna mkataba wala bei, watu wanachangia mafuta wakiwa nayo. Mwaka jana peke yake lilipeleka wajawazito Hospitali ya Peramiho mara ambazo mjomba mwenyewe ameacha kuzihesabu, na mtoto mmoja hakusubiri wafike. Mkewe ndiye aliyeliona mapema. Alikuwa anapepeta, hata macho hakuinua: "Mwalimu, hayo mahindi yatalila hilo gari."

Mjomba akamwonyesha mshale. "Uko katikati, mama. Tazama. Uko katikati."

Na kweli ulikuwa katikati. Hapo ndipo mimi, mwandishi wa habari niliyezoea kuamini anayejibu swali, nilipoanza kupendezwa. Maana dalili nyingine zilikuwapo. Oili ilikuwa imebadilishwa wiki chache tu nyuma, lakini kwenye stiki ilikuwa nyepesi kama chai na inanuka kuungua. Na baada ya mlima, gari likisimama na injini ikinguruma taratibu, taa nyekundu ya oili ilikuwa inapepesa. Ukikanyaga mafuta kidogo, inazimika. Mjomba aliona imepona.

Fundi tuliyempelekea alisoma kwa mjomba darasa la nne. "Shikamoo mwalimu," akafuta mikono, akasikiliza mpaka mwisho. Hilo la kusikiliza mpaka mwisho nalitaja kwa makusudi, kwa sababu mafundi wengine wawili tuliowauliza barabarani walikuwa na jibu kabla ya swali. Mmoja alisema tutoe themostati. Hii ni dawa ya kienyeji ya magari yetu na ina wagonjwa wengi: injini inakaa baridi asubuhi nzima, na siku ya mlima bado inachemsha. Wa pili alisema tumwage oili nzito. Oili nzito inasaidia presha isianguke ikishapata moto, ni kweli, lakini haiondoi joto hata kidogo, na asubuhi za Juni huku kwetu, zaidi ya meta 1,000 juu ya usawa wa bahari, inachelewa kufika inakotakiwa.

Fundi wa mjomba alikwenda tofauti. Alisema maji ya rejeta hayafiki kila mahali. Yanazunguka kwenye silinda na kwenye kichwa cha injini, basi. Kule chini kwenye krenki, kwenye beringi zake, na chini ya pistoni, anayefika ni oili. Inalainisha, na papo hapo inabeba joto kama hamali. Maji yakishabeba joto yana pa kulitua: rejeta, feni, themostati ya kusimamia zamu. Oili ya gari dogo kama hili inatua kwenye sampo tu, ipulizwe na upepo unaopita chini. Sasa vuta tani moja kupanda mlima. Injini inazunguka kwa nguvu, gari linakwenda mwendo wa baiskeli, upepo hakuna.

"Na huu mshale?" mjomba akauliza.

"Huo ni wa maji, mwalimu. Tena wamiliki wa magari hawapendi mshale unaotikisika, basi waliotengeneza wameupanga usimame katikati hata joto likipanda na kushuka kiasi. Oili haina mshale. Ina taa, na ile taa haipimi joto, inapima presha. Ukiiona imewaka mfululizo, unapewa taarifa ya msiba."

Sijawahi kusikia maelezo mazuri namna hiyo ya tofauti kati ya takwimu na habari, na nimehudhuria semina nyingi.

Kitu alichopendekeza yeye anakiita rejeta ya oili. Mimi, kwa ugonjwa wa kazi yangu, nikasema kwa Kiswahili fasaha itakuwa kipoza oili. Akacheka: "Hicho si kinauzwa duka la dawa, dada?" Nikanyamaza, kwa sababu sikio lake lilikuwa sahihi. Kupoza kwetu ni kupoza uji, kupoza maumivu na kupoza ugomvi. Rejeta ni chuma, ina mapezi, inapigwa na upepo. Tangu siku hiyo nasema rejeta ya oili.

Si kitu kigeni. Land Cruiser zile mkonga zenye injini ya dizeli ya 1HZ, ambazo kila ofisi ya wilaya inazijua, zinatoka kiwandani na kipande cha kupozea oili kwenye bloki, kikipozwa na maji ya injini yenyewe. Volkswagen ya zamani, ile ya mgongo wa duara, haikuwa na maji kabisa: ilitegemea upepo wa feni na oili, na rejeta yake ndogo ya oili ilisimama ndani ya njia ya upepo. Ikawa inaiibia upepo silinda ya tatu, ambayo ikajulikana duniani kote kwa kuungua kabla ya wenzake, mpaka miaka ya mwanzo ya 1970 Wajerumani walipoisogeza. Napenda kisa hicho. Kila unachokipoza, kuna jirani umemnyima upepo, na hilo lilirudi kwetu baadaye.

Lakini fundi hakukubali kufunga chochote siku ile. Kwanza geji. Alitoboa mahali, akafunga sensa ya joto la oili na kigeji kidogo pembeni ya usukani, akasema nendeni mkapime kwanza, msininunulishe dawa kabla ya vipimo. Tukapakia magunia matano, si manane, kwa amri yake. Kwenye tambarare oili ilikaa nyuzi 105, ambayo ni afya njema; oili inatakiwa ipate moto, la sivyo unyevu haukauki ndani yake. Kwenye mpando mrefu ikaenda 115, 120, 128. Mshale wa maji ulikuwa wapi? Katikati. Mjomba aliutazama mmoja, akautazama wa pili, akazima redio.

Basi tukanunua. Gharama yote ilikula thamani ya magunia matatu. Mjomba siku hizi anahesabu kila kitu kwa magunia. Kazi yenyewe inaeleweka ukiiona. Unafungua filta ya oili, kati yake na bloki unaweka bamba lenye matundu mawili: oili inatokea huku, inazunguka kwenye rejeta ndogo mbele ya gari, inarudia kule, halafu inaendelea na safari yake. Bamba tulilopata lina themostati yake ndani, na fundi aligoma kutumia lisilo nayo. Asubuhi oili ikiwa baridi njia inakaa karibu imefungwa, inafunguka oili ikishapita nyuzi 80 hivi. Bila hiyo ungekuwa unapoza kitu ambacho bado kinatetemeka.

Aliyemchelewesha siku nzima ni mipira. Duka la kwanza walitaka kumpa mipira ya maji na klipu za kukaza kwa bisibisi. Aliikataa kwa sauti ya kanisani. Mpira wa maji ukipasuka unachemsha, unasimama, unasubiri. Mpira wa oili ukipasuka, sampo inakauka ndani ya muda mfupi kuliko wa kutafuta pa kuegesha. Akasubiri ya oili yenye ncha zilizobanwa kwa mashine. Akaipitisha mbali na bomba la moshi, akaifunga isisugue popote. Kisha akaongeza oili, kwa sababu rejeta na mipira navyo vinakunywa, akazungusha injini, akasubiri ile taa izimike, akazima, akachomoa stiki, akaongeza tena.

Rejeta yenyewe aliiweka pembeni nyuma ya bampa, si katikati. Ingekaa mbele ya rejeta ya maji ingeiibia upepo, kama ya Wajerumani. Mbele yake akafunga wavu, maana vumbi la moramu na mbegu za majani vikijaa kwenye mapezi unabaki na pambo.

Ugomvi ulikuja wakati wa kulipa. Mjomba akauliza kwa furaha kama sasa anaweza kurudi kwenye magunia manane, au hata kumi. Fundi akaweka spana chini.

"Mwalimu, rejeta ya oili haiongezi breki."

Akaanza kuhesabu. Tela halina breki, kwa hiyo kushuka mlima linasukumwa na kuzuiwa na breki za gari peke yake. Ulaya tela la namna hiyo mwisho wake ni kilo 750 pamoja na mzigo, na magari mengi madogo yamepangiwa chini ya hapo. Giaboksi ya otomatiki ina oili yake, inapata moto kabla ya injini ukivuta kwa gia ndefu, hivyo kitufe cha O/D kizimwe mlimani na siku moja nayo itahitaji rejeta yake. Springi. Beringi za magurudumu. Ile bamba ya chuma uliyochomelea nyuma. Tumepoza kitu kimoja, mwalimu. Vingine viko vilevile.

Mjomba alikasirika, na namwelewa. Magunia manane ndiyo yaliyofanya hesabu yake iwe hesabu. Kwa matano, safari zinaongezeka, petroli inaongezeka, na mlanguzi anakaribia tena kuwa na maana, hilo sitalipamba. Alilipa, hakuaga vizuri, akaendesha kimya mpaka Likuyufusi. Pale akaniambia, bila kugeuka, kwamba yule mtoto darasani alikuwa mbishi hivyohivyo kwenye kugawanya.

Sasa ana kauntabuku ndani ya gari. Safu nne kwa mwandiko wa ubaoni: tarehe, magunia, mahali, joto la oili. Nilipokwenda mwezi uliopita nikaipekua. Magunia matano, mpando ule ule, 110. Matano, 112, "jua kali". Matano, 109. Katikati kuna mstari mmoja ambao safu ya magunia ina kistari tu: "Peramiho, saa 8 usiku, 96." Sikuuliza ni nani.

Breki za tela bado hazijafungwa, zinasubiri msimu. Jumapili baada ya misa anaosha wavu kwa mswaki wa zamani. Na juzi alinipigia simu kuniuliza kama gunia la sita likijazwa nusu linahesabika kuwa gunia. Nikamwambia, mjomba, muulize fundi.

Alikuwa ameshamuuliza.