Ute Usiomjua Mtu

Methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha imejengwa juu ya dhana moja: kwamba zimwi laweza kumjua mtu. Katika ngano za Waswahili zimwi husema, huimba na huingiwa na tamaa. Ndiyo maana mnyonge hulishinda kwa hila.

Dhana hiyo haumhusu adui mmoja wa Dungeons & Dragons, mchezo wa kuigiza wahusika uliobuniwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Adui huyo ni ute mweusi utambaao katika mapango ya chini ya ardhi. Hauna uso wala lugha. Shujaa akiukata kwa upanga hugawanyika, naye akajikuta amejizidishia maadui. Moto ndio huuangamiza.

Je, ute huo ni mhusika, au ni mandhari tu yaliyoingiwa na njaa? Mhakiki hana budi kuamua, kwani kisicho na nia hakisihiwi, hakilaghaiwi wala hakilaumiwi. Fanani alipolipa zimwi ulimi, alimwachia mnyonge mlango wa kuokokea. Ute uliponyimwa ulimi, aliyenyang'anywa silaha ya maneno ni mchezaji.